Mhariri, mskanaji wa poti hakamatwi kwa kuhesabu kasi tu

Mhariri,

Makala yenu ya kuskani poti (kupapasa milango ya mawasiliano ya kompyuta kujua ipi iko wazi) nimeisoma yote na mwandishi kajitahidi kweli, ila pale aliposema ukishaweka fayawoli (mlinzi anayechuja mawasiliano yanayoingia na kutoka) ukaiambia ipige kengele kila anwani moja ikigusa poti nyingi ndani ya dakika moja basi kazi imeisha, hapo nimekataa. Sheria hiyo inawanasa wenye haraka tu, na wenye haraka ndo wengi wao hawana madhara.

Seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti inaskaniwa kutwa kucha. ZMap, programu ya kuskani, ilipotoka 2013, kompyuta moja yenye laini nzuri iliweza kuzungukia anwani zote za IPv4 (mfumo wa anwani za intaneti wenye namba nne) kwa poti moja chini ya dakika 45, na siku hizi kuna kampuni na vyuo vinavyofanya hivyo kila siku kwa shughuli zao halali. Sasa ukipiga kengele kwa kila mmoja, asubuhi unakuta alati (taarifa za tahadhari) lundo, wiki ya pili hamna anayezifungua, afu siku mwizi mwenyewe akija alati yake nayo inapita humohumo.

Na mwizi mwenyewe haendi mbio. Nmap, programu nyingine ya kuskani ambayo ipo tangu 1997, ina mpangilio unaosubiri dakika 5 kati ya jaribio na jaribio. Kwa kawaida inajaribu poti 1,000 zinazotumika sana, yani dakika 5,000, siku tatu na nusu hivi. Sheria ya dakika moja inamuona kagusa mara moja tu inamsahau, na kama logi (kumbukumbu za matukio ya mtandao) mnazifuta kila usiku basi hata baadaye hamna pa kumtafuta.

Kinachomuumbua ni kukosakosa, yani kujaribu na kushindwa mara kwa mara. Mtumiaji wa kawaida anajua anakokwenda, mashine yake inatuma SYN (ombi la kuanza mawasiliano), seva inajibu SYN-ACK (nimekubali), anarudisha ACK (nimepokea), mambo yanaendelea. Anayepapasa anarudishiwa RST (jibu la kukataliwa) kwa sababu poti imefungwa, au hajibiwi kabisa, na hata akijibiwa SYN-ACK mara nyingi anakata hapohapo bila kumaliza, alikuwa anabisha hodi kujua tu kama kuna mtu. Mwaka 2004 watafiti Jaeyeon Jung, Vern Paxson na wenzao walitengeneza njia inayofuata hilohilo: kila anapojaribu mashine mpya akafaulu anasogezwa upande wa wema, akishindwa anasogezwa upande wa ubaya, na majaribio manne au matano kwa kawaida yalitosha kumjua. Dakika hazina nguvu sana hapo. Tahadhari moja tu, seva ikizima watu wote watashindwa, ila watashindwa palepale pamoja, mskanaji yeye anashindwa huku na kule.

Halafu makala nzima imeangalia nje tu, ya ndani hakuna! WannaCry, programu haribifu ya Mei 2017 iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilikuwa ikishaingia kwenye mashine moja inaanza kutafuta poti 445 (ya kushirikiana mafaili kwenye Windows) kwa majirani zake kwenye mtandao uleule, na fayawoli ya mlangoni haioni kitu maana trafiki hiyo haipiti kwake. Printa ikianza saa nane usiku kujaribu 445 kwenye anwani inayoishia 11, ikaenda 12, 13, 14, usisubiri zifike mia, printa haina shughuli huko. Alati moja ya namna hiyo mimi naipa uzito kuliko zote za nje. Ndio, kuna programu za kukagua mitandao ambazo nazo zinaskani ndani kwa ruhusa, hizo ziandikwe kwenye orodha ya msamaha pamoja na saa zake na anwani zinazogusa, sio mashine isamehewe moja kwa moja, maana hiyo ndo ya kwanza mvamizi ataitamani.

Ushauri wa kufungia kila anayeskani bila mtu kuangalia nao ni hatari. Pakiti (kifurushi cha data) ya SYN inaweza kubeba anwani ya uongo, mtu akaweka ya seva yenu ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), mfumo ukaifungia wenyewe, ofisi nzima ikakosa intaneti na aliyefanya hivyo hata hajaingia.

Kama mna mpango wa kuendeleza mada hii, naomba toleo lijalo lieleze wapi pa kuweka kifaa cha kusikiliza trafiki ya ndani, kwenye swichi (kifaa kinachounganisha mashine za ndani) au karibu na seva, maana hapo ndo wasimamizi wengi wa mitandao midogo wamekwama.

Msomaji wenu, msimamizi wa mtandao