Nakatwa hela kila mwezi kwa akaunti nisiyoweza kuifungua

Dada mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Naomba unijibu kabla ya tarehe 14, maana ndiyo siku wanayokata.

Mwaka juzi mpwa wangu aliniwekea kwenye simu programu ya kutunza hesabu. Ilinifaa sana. Kabla ya hapo nilikuwa na madaftari matatu yaliyolowa maji ya samaki, nusu ya majina hayasomeki. Kwenye programu nikawa naandika kila gunia: nani kachukua, kalipa ngapi, kabakiza ngapi, na picha ya mzigo ukiwa juu ya lori. Wateja wangu wengine wanatoka Kongo na Burundi, wanachukua leo wanalipa safari ijayo. Malipo ya programu yanakatwa yenyewe kwenye kadi yangu ya benki, kwa dola.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa nimeinama kwenye mtumbwi nahesabu madebe, simu ikachomoka kifuani ikazama. Vijana walipiga mbizi mpaka jua likawa kali, wakatoka mikono mitupu.

Nilidhani nitanunua simu nyingine na kurudisha laini, basi. Kumbe laini ile ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mpwa wangu, Januari 2020, laini zisizo na alama za vidole zilipokuwa zinafungwa nami sina namba ya NIDA. Sasa kampuni ya simu inataka kidole chake mwenyewe, na yeye yuko Oman kikazi. Nywila aliiweka yeye, ameisahau. Kila tukijaribu kuibadilisha, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini iliyo chini ya ziwa. Kwenye simu mpya sikuiweka tena ile programu, nikadhani makato yatakoma. Hayakukoma.

Niliwaandikia wenye programu kwa barua pepe ya binti yangu. Wakajibu niandike kutoka kwenye barua pepe ya akaunti, ambayo ndiyo hiyohiyo imefungwa. Kijana mmoja wa mafundi simu anataka elfu hamsini, pamoja na zile namba tatu za nyuma ya kadi, ili aifungue. Hizo sikumpa.

Benki walinisikiliza vizuri. Wanaweza kuifunga kadi na kunipa nyingine, lakini wakanionya kuwa wakati mwingine kadi mpya haimzuii mkataji, hivyo niandike barua ya kumzuia yeye kwa jina. Fomu ya kupinga makato ipo, ila makato niliyoyakubali mwenyewe mwanzoni ni vigumu kurudishwa.

Barua hiyo nimeiandika, iko kwenye pochi yangu wiki ya pili sasa, sijaipeleka. Malipo yakisimama, je, wenye programu hawatazifuta hesabu zangu zote? Mle ndani kuna madeni ya watu kumi na wanane. Ninayoyakumbuka kwa uhakika hayafiki nusu, na mteja wa kutoka Uvira siwezi kumdai kwa kukisia. Lakini kuendelea kulipa nako kunaniumiza. Mwezi uliopita ujumbe wa benki uliingia saa tisa usiku, katikati ya mbalamwezi, wavuvi hawaendi ziwani, sina hata gunia la kuuza, na hela iliyokatwa nilikuwa nimeitenga kwa nauli ya mtoto kurudi shule Ukerewe.

Binti yangu anasema nitoe hela zote kwenye kadi, wakikuta sifuri watachoka. Naogopa wasije wakanihesabia deni, na akaunti hiyohiyo ya benki ndiyo wateja wanayonilipia.

Dada, nianze na lipi? Nikiwatumia taarifa ya benki inayoonyesha makato yote, na namba nne za mwisho za kadi, wanaweza kukubali kuwa akaunti ni yangu na kunitolea hesabu kabla ya kuifunga? Au nimsubiri mpwa wangu hadi mwakani huku nikilipa? Na hiyo barua ya benki niipeleke kesho, au niishike kwanza?

Mama wa Mwaloni, Mwanza