Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Orodha ya ziara niliiandika mimi

Mheshimiwa Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,

YAH: WANAFUNZI WANAOBAKI DARASANI WENZAO WAKIENDA ZIARA YA MAFUNZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Lindi. Sikuandikii habari za mshahara wala nyumba ya mwalimu. Hayo yana siku yake.

Mwaka jana mwezi Machi tuliwapeleka kidato cha pili Kilwa Kisiwani. Mchango ulikuwa shilingi 35,000: Kosta, mafuta, boti ya kuvukia kutoka Kilwa Masoko, kiingilio, chapati mbili na soda. Kiingilio chenyewe kilikuwa kitu kidogo. Hela yote ilimezwa na Kosta. Kidato kizima kina wanafunzi 86. Waliolipa ni 31. Orodha niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikaibandika ubaoni nje ya ofisi, na sikuona ubaya wowote mpaka nilipowakuta watoto wamesimama mbele yake wakitafuta majina ambayo walijua kabisa hayamo.

Anayeishi Dar es Salaam anaweza kusema wazazi wa huku hawathamini elimu. Huku kwetu, Mheshimiwa, pesa ina majira. Korosho huuzwa mnadani mwishoni mwa mwaka, na ikifika Machi ile hela imeshakwenda kwenye sare, madaftari na deni la dukani. Ufuta nao bado uko shambani. Ungemwomba mzazi yuleyule 35,000 mwezi wa Novemba, wengi wangetoa bila maneno. Sisi tuliiomba Machi kwa sababu ratiba ya taaluma ilisema Machi.

Siku mbili kabla ya safari, binti mmoja alinijia ofisini na shilingi 12,500. Noti alikuwa amezifunga kwenye kipande cha kanga, sarafu zimelowa jasho. Akaniuliza kama anaweza kwenda mpaka pale hela yake itakapoishia. Nilimrudishia. Nilimwambia yeye na wenzake wasiolipa wabaki wafanye zoezi la ramani, na mwalimu wa zamu angelikusanya. Zoezi lile sikulisahihisha mpaka leo.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Sitaki kukuchosha na mengi, ila nataka ujue safari ile inafanya nini. Darasani nimefundisha biashara ya pwani miaka tisa, nikichora mishale ya dhahabu kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Kilwa mwaka 1331, hilo wanalikariri. Lakini kijana mmoja ambaye darasani hanyooshi mkono aliingia Msikiti Mkuu, akapapasa jiwe la matumbawe, akasema, "Hili ni kama la kisima cha babu." Kutoka hapo hakunyamaza. Kule Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, alilipima bwawa la pembe nane kwa hatua, akataka kujua maji yalipandishwaje juu ya jabali lile. Sikuwa na jibu. Kwa mwalimu, siku ya namna hiyo ni siku njema.

Wiki iliyofuata nikatoa kazi: andikeni habari za mji wa Kilwa. Wale 55 wakanakili kwa wenzao. Yule binti hakunakili. Alikuja mezani akaniuliza, "Mwalimu, mle ndani ya msikiti kuna joto au kuna baridi?" Nikamwambia kuna ubaridi kidogo. Akaliandika hilo.

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na si yote inayofika shuleni, kwa kuwa sehemu yake ni ya vitabu. Safari moja ya Kilwa inaipita ruzuku ya mwaka mzima. Kwa hiyo usimwambie mkuu wa shule ajibane. Ajibane wapi? Chaki?

Kuna jambo linaniuma zaidi. Ndani ya mkoa wetu kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na aliyesimamia vibarua wengi alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kichwani mpaka bandarini Lindi, siku kadhaa kwa miguu. Mnyama mmoja aliyeunganishwa kutokana na mifupa ile alisimamishwa kwa mara ya kwanza kwenye makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na leo urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mtoto wa Berlin anamtazama akiwa na mwalimu wake. Kati ya wanafunzi wangu wapo ambao yamkini babu wa babu zao waliibeba ile mifupa, na hata hicho kilima hawajakiona. Suala la kuirudisha si la barua hii. Ninachosema ni kwamba kilima hakikupakiwa melini, kipo, na kutoka mjini hadi pale hakuna haja ya kulala njiani.

Ninachoomba si Serengeti. Kila halmashauri iweke kwenye bajeti ya mapato yake ya ndani kifungu cha ziara moja tu kwa kila mwanafunzi, akiwa kidato cha kwanza au cha pili, mahali pa karibu penye maana. Shule za kata zikodi gari kwa pamoja na kupokezana, badala ya kila shule kukodi Kosta yake kwa bei ya kubahatisha. Na utoe waraka: ziara inayofanyika siku ya masomo iwe ya darasa zima, au isiwepo. Najua wapo walimu wenzangu watakaonung'unika kwamba hiyo ya mwisho itaua ziara kabisa. Huenda ikaziua kwa mwaka mmoja. Mimi niko tayari kuukosa huo mwaka.

Spika anapowatambulisha bungeni wanafunzi waliokuja kwa mafunzo, wabunge hupiga meza kwa furaha. Nawe umo humo ukumbini. Siku nyingine, wakishakaa, muulize mwalimu wao swali moja tu: wangapi wamebaki shuleni?

Mkuu wa shule ameshaniagiza niandae orodha ya mwaka huu. Nimemwomba anisubiri kidogo, kwamba nimekuandikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Shule ya kata, Lindi