Kabula, mlima usikutishe na kundi lisikudanganye

Kwa mwanangu Kabula,

Salamu kutoka hapa Nansio, kisiwani Ukerewe. Sisi wazima. Bibi yako analalamikia magoti kama kawaida yake msimu wa mvua, na mama yako yuko ufukweni anaanika dagaa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Umesema hilo kundi lenu la mazoezi la Jumamosi linakutesa. Mnakimbia kutoka mjini, mnakipandisha kilima cha Capri Point hapo Mwanza, mkifika juu mnaruka kichura, halafu mnabebana mgongoni. Na kwamba kila mara wewe ndiye wa mwisho, unaona aibu, unataka kuacha. Usiache, angalau si kwa sababu hiyo. Kila kundi lina wa mwisho wake. Ukitoka wewe, atapatikana mwingine wiki hiyohiyo.

Nikuulize: unakata tamaa wapi hasa? Nadhani ni pale barabara inapoanza kuinuka, kabla hata miguu haijachoka sawasawa. Hapo kichwa kinaanza kukuletea kesi. Kiatu kinabana. Jumatatu kuna mtihani. Kwani nani alinilazimisha? Ukianza kujibizana nacho umekwisha, maana kichwa kina hoja kuliko wakili. Kipe kazi ndogo: fika ile nguzo ya umeme. Ukifika, tafuta nguzo nyingine. Toa pumzi yote nje, usiibanie kifuani, na kichomi cha ubavuni kikikushika punguza hatua lakini usisimame ghafla. Na imba. Shuleni tulipokimbia mchakamchaka alfajiri, walimu walitulazimisha kuitikia, nami nikidhani ni kelele tu. Kumbe asiyeweza kuitikia wimbo amekwenda kasi kuliko pumzi yake, na anayeitikia anatoa hewa kwa mpigo mmoja na wenzake. Kiongozi wenu akikataza nyimbo ili mhifadhi nguvu, mimi namshangaa.

Unajua ujana wangu niliumalizia kwenye dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa tunapumzika. Mtumbwi wetu haukuwa na injini. Iliyotuua haikuwa kazi ya usiku, ilikuwa kurudi. Umelowa, una njaa, mikono imechubuka, na upepo unakuja usoni. Ukipiga kasia peke yako hapo utalia. Ila wote mkiinama pamoja na kuinuka pamoja, mgongo unauma lakini maumivu yanakuwa kama ya mtu mwingine. Tulikuwa tukisema mikono imekufa, na bado inavuta.

Kaka yako alinisomea utafiti mmoja nikacheka, maana wazungu wamepima kitu ambacho sisi tulikioga kila siku. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachukua vijana wapiga makasia wa chuo hicho, wakawaweka kwenye zile mashine za kupiga makasia ndani ya ukumbi kwa dakika 45. Siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine pamoja kwa mpigo mmoja. Wakimaliza wanavalishwa mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, kinajazwa upepo mpaka mtu aseme inauma. Walipopiga pamoja walivumilia zaidi, na kazi waliyofanya ilikuwa ileile. Wewe kitambaa hicho unakishika kila siku wodini, jaribu kumfikiria mtu aliyeachiwa kikaze bila kulegezwa.

Kwa hiyo nguvu unayoiona kwa wenzako, nyingine ni ya kuazima, na wewe una haki ya kuazima. Usikimbie nyuma peke yako kwa kuona haya. Jibanze katikati, hata kama ni kwa mita mia tatu za kwanza, wiki ijayo zikiwa mia nne ni zako. Simbu wetu alivyotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, watu walishangilia zile hatua za mwisho: yeye na yule Mjerumani, Petros, wote wameandikiwa saa 2:09:48, wametenganishwa na sekunde 0.03. Mimi nilitazama alivyotulia ndani ya kundi kilomita zote zile, hana haraka na mtu.

Sasa sikiliza hili vizuri, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Umesema kiongozi wenu anamwita legelege kila anayeomba kukaa. Shangazi yako Mbuke, ambaye hukumkuta, alikuwa na sikoseli. Maana yake babu na bibi yako wote walibeba kinasaba hicho, mimi naweza kuwa nacho, na wewe pia. Haya unayasoma darasani kuliko ninavyoyajua, ila najua wauguzi wanavyosahau kujipima wao wenyewe. Mbebaji anaishi vizuri, anakimbia, anacheza mpira. Tatizo linakuja akisukumwa kwa nguvu nyingi bila kupumzika, mwili haujazoea, jua kali, maji hajanywa. Daktari aliyekuwa akimtibu shangazi yako alitueleza kwamba mtu wa namna hiyo misuli yake haikazi kama ya mtu aliyebanwa na misuli. Miguu inaisha nguvu tu, mapema, na mwenyewe anajiona kama mvivu. Wenzake nao wanamwona mvivu, wanampigia makofi ainuke. Hapo ndipo mtu anapotea. Kapime wiki hii, hapo ulipo ni kipimo cha damu tu.

Na hata ukikutwa huna, zijue dalili za kukaa chini: kizunguzungu, maumivu ya kifua, miguu kuisha nguvu ghafla. Mkojo ukitoka na rangi ya chai isiyo na maziwa baada ya mazoezi makali, usiende kulala, nenda hospitali, misuli inavunjika na figo zinaumia. Kuchoka, kuhema, mapaja kuwaka moto, hayo endelea nayo.

Nakutuma ukafanye zoezi moja ambalo haliko kwenye ratiba yenu. Siku utakapohisi mojawapo ya dalili nilizotaja, inua mkono mbele ya watu wote na useme: nakaa. Pasipo kujieleza na pasipo kuomba radhi. Nimewajua wanaume waliopiga kasia usiku kucha wasioweza kulisema neno hilo mbele ya wenzao. Akikuita legelege, mwambie kwa heshima kwamba baba yako angependa kuongea naye, umpe namba yangu.

Hela ya fulana ya kundi nimekutumia, ingawa bei yake mimi naiona ya wizi. Na mkimaliza mazoezi msikimbilie supu kabla ya maji.

Alhamisi mama yako anapanda meli ya kuja Mwanza na gunia la dagaa, nenda bandarini umpokee, usimwache abebe mwenyewe. Majibu ya kipimo umpe yeye kwa karatasi, yakiwa yoyote.

Ni mimi baba yako.