Risala ya Klabu ya Huduma ya Kwanza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Mkoani, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Waheshimiwa Masheha,
Wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika mwito wetu. Karibu sana skulini kwetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu inajifunza huduma ya kwanza ya majeraha, kuungua na kuzama. Leo tumeona tuseme juu ya sumu peke yake, kwani hapa mgonjwa mara nyingi huumizwa na wale wale wanaotaka kumuokoa.

Majumbani mwetu mafuta ya taa yamo kwenye chupa ya soda, imezibwa kwa karatasi iliyosokotwa, imewekwa chini karibu na jiko. Mtoto mwenye kiu ataiinua tu anywe. Hapo mama humtia kidole kooni atapike, bibi analeta maziwa. Wanafanya kwa mapenzi, lakini mafuta ya taa yana hatari kubwa zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Jiki na maji ya betri huunguza koo wakati wa kushuka, na yakipanda huliunguza tena. Basi mtoto asitapishwe wala asishindiliwe maziwa. Akimbizwe hospitali, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari ajue amekunywa nini. Aliyepoteza fahamu alazwe kwa ubavu, asitiwe chochote mdomoni.

Dawa za kuulia wadudu shambani hupenya hata kwenye ngozi. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo pale pale, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Zikiingia machoni, yamiminiwe maji safi kwa dakika 15 hadi 20.

Mheshimiwa, sisi wa Mkoani hatuwezi kutaja sumu tukanyamaza juu ya kasa. Mwezi wa Machi 2024, Kisiwa Panza kilizika watoto 8 na mtu mzima mmoja waliokula nyama yake, na watu 78 wakalazwa hospitali. Wapo wanaodhani nyama ile haikuiva. La hasha! Sumu ya kasa haiondoki kwa moto, haina dawa ya kuipinga, na huwezi kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama. Aliyekula asingoje kuumwa, aende hospitali, na mama aliyekula aache kumnyonyesha mtoto, maana sumu hupita kwenye maziwa. Samaki aitwaye bunju naye ni hivyo hivyo, hata apikwe mchana kutwa.

Sanduku letu la huduma ya kwanza limebaki na bendeji chache. Hilo tutachangishana wenyewe. Kwako tunaomba mkufunzi kutoka kituo cha afya azunguke nasi kila shehia kabla ya msimu wa karafuu, kwa sababu wakati huo wazazi wako mashambani na wadogo huachiwa dada zao. Hao madada wafundishwe kwanza. Tunaomba pia namba ya simu ya kituo ibandikwe misikitini na madukani, na wenye maduka wazuiwe kuuza dawa za shamba kwenye chupa za maji ya kunywa.

Masheha waliopo hapa wameshatukubalia. Tukimpata mkufunzi, sisi tuko tayari kuanza Jumamosi ijayo.

Tunaomba kuwasilisha.