Hana uwezo wa nini?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie neno moja tunalolitumia kila siku bila kulipima, nalo ni uwezo. Tunasema fulani ana uwezo na fulani hana, kisha tunaweka nukta kana kwamba tumemaliza, ilhali hatujataja uwezo wa kufanya nini, wala nani aliyeupima. Katika mazungumzo ya kawaida madhara si makubwa, kwa kuwa msikilizaji hujaza pengo mwenyewe: mwenye uwezo aweza kuwa tajiri, mwenye nguvu, au fundi asiyebahatisha. Kazini na mahakamani, pengo hilo hujazwa na yule mwenye maslahi.

Mimi ni mkalimani na mfasiri. Niliwahi kuitwa hospitalini kumkalimania mzee aliyetakiwa kukatwa mguu ulioharibiwa na kisukari. Asubuhi ile alikuwa amekosea siku ya juma, na jina la mjukuu wake lilimpotea mara mbili. Mpwa wake akatamka mbele yake, "Huyu hana uwezo tena, leteni karatasi nitie sahihi mimi." Daktari alivuta kiti, akakaa karibu na mgonjwa, akamwomba aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Mzee akajibu polepole: "Mkiukata, nitatembea kwa magongo. Msipoukata, sumu itapanda na itaniua. Nimeelewa, mwanangu, ila nipeni hadi kesho niseme na mama watoto." Kesho yake alitia dole gumba mwenyewe.

Daktari yule hakupima kumbukumbu ya mzee kwa ujumla. Alipima uwezo wa kuamua jambo moja, siku ile. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, inauliza vivyo hivyo: je, mtu anaweza kuelewa taarifa zinazohusu uamuzi huu, kuzishika akilini, kuzipima, na kueleza alichoamua? Sheria hiyo huanza kwa kumchukulia kila mtu mzima kuwa na uwezo, na inakataza kumnyang'anya mtu haki hiyo kwa sababu tu uamuzi wake hauonekani kuwa wa busara. Msimamo huu una mizizi ya zamani. Mwaka 1870, katika shauri la Banks na Goodfellow, mahakama ya Uingereza ilikubali wosia wa mtu aliyeamini kwamba anaandamwa na pepo wabaya pamoja na mtu aliyekwisha kufa, kwa kuwa imani hizo hazikuingilia namna alivyogawa mali yake. Wengi wetu tungemwita mwendawazimu, tukaishia hapo.

Taaluma nazo hutumia kipimo cha namna nyingine. Kwa sheria, uwezo ni kizingiti, na anayekivuka haulizwi amekivuka kwa umbali gani. Kwa taaluma, kuna ngazi. Mwaka 1990 George Miller, aliyeandika kuhusu upimaji wa madaktari, alizipanga ngazi hizo nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha namna, anatenda. Cheti mara nyingi huthibitisha zile za chini, nasi tunakisoma kama kwamba kimethibitisha ya juu kabisa. Tena umahiri wa kazi huchakaa usipotumika, jambo ambalo wasimamizi wa usafiri wa ndege wamelizingatia kuliko wengi wetu: kwa kanuni za Marekani, rubani ambaye hajapaa na kutua walau mara tatu katika siku 90 zilizotangulia haruhusiwi kuongoza ndege yenye abiria, hata akiwa na leseni halali.

Kinachonikera zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ni nyaraka zinazoyachanganya haya yote, kwa kuwa Kiingereza huyaita yote kwa neno moja, "competent". Nimesahihisha fomu ya hospitali iliyomwita mgonjwa "mahiri", ilipotaka kusema anaweza kujiamulia. Nimesoma hukumu iliyofasiriwa kwamba mahakama "haikuwa na uwezo", ambapo hoja ilikuwa mamlaka. Hakimu aweza kuwa mweledi wa miaka mingi na shauri lililo mbele yake bado likawa nje ya mamlaka yake. Shahidi naye hustahili kusikilizwa akielewa maswali na kutoa majibu yanayoeleweka, hata akiwa mtoto; kama anaaminika au la ni swali la baadaye.

Tuna maneno ya kutosha: umahiri, weledi, umilisi, ustahiki, mamlaka, akili timamu. Ninaloliomba gazeti lako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi anapoleta habari kwamba mzee, mwalimu au kiongozi fulani hana uwezo, arudishiwe habari yake hadi aandike ni uwezo wa kufanya nini, na ni nani aliyeupima.

Msomaji wako wa siku nyingi.