Klabu za gofu zilegeze masharti ya nguo, zikaze ya viatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mavazi katika klabu za gofu. Wapo wanaotaka masharti yote yafutwe, na wapo wanaoamini kwamba siku kola itakapoondoka, adabu ya mchezo nayo itakuwa imeondoka. Wote wanayazungumzia masharti haya kana kwamba ni sharti moja, kumbe ni mengi na kila moja lina asili yake. Baadhi yanalinda uwanja, baadhi yanamlinda mchezaji, na mengine hayalindi chochote. Rai yangu ni kwamba kamati za klabu ziyapitie moja baada ya jingine, na lile lisiloweza kutaja linacholinda liondolewe.

Nianze na viatu, maana hapa sababu ipo na inaonekana kwa macho. Grini, yaani lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, hukatwa mpaka nyasi zibaki na kimo cha milimita 3 hivi. Katika uso kama huo mpira unaosukumwa taratibu hupotoshwa na kinundu kidogo tu. Njumu za chuma, yaani meno ya chini ya viatu, zilizovaliwa kwa miongo mingi zilikuwa zikifumua nyasi na kuacha vinundu hivyo, mbali na kuharibu sakafu za majengo ya klabu, ndiyo maana katika miaka ya 1990 klabu nyingi zilizipiga marufuku na wachezaji wakahamia njumu za plastiki. Tatizo lilikuwa zito zaidi kwa sababu kanuni za wakati ule hazikumruhusu mchezaji kusawazisha alama ya njumu iliyo kwenye njia ya mpira wake. Ruhusa hiyo ilikuja na kanuni mpya za mwaka 2019.

Kwa hiyo sharti la viatu libaki, ila liandikwe upya. Klabu nyingi bado zinasema "viatu vya gofu tu", maneno yanayotazama sura ya kiatu wakati kinachogusa nyasi ni soli. Mwaka 2010 mchezaji wa Marekani Fred Couples alicheza Masters, moja ya mashindano makubwa zaidi ya gofu, akiwa amevaa viatu visivyo na njumu, vyenye vichuchu vifupi vya mpira chini na sura ya raba ya kutembelea. Tangu hapo viatu vya namna hiyo vimeenea kila mahali. Msimamizi wa shimo la kwanza anachotakiwa kufanya ni kutazama soli. Soli bapa, au yenye vichuchu vifupi vya mpira laini, haina madhara. Za kukataliwa ni njumu za mpira wa miguu, buti za kupandia milima zenye meno marefu na viatu vya visigino vyembamba, kwa sababu hivi vyote hukusanya uzito wa mwili mahali padogo na kutoboa udongo, hasa asubuhi grini ikiwa bado ina umande. Kandambili na makubadhi yakataliwe kwa sababu nyingine: mchezaji anapopiga kwa nguvu, uzito wote huhamia mguu wa mbele huku mguu huo ukijizungusha. Akiwa kwenye mteremko wenye nyasi mbichi, unyayo utateleza ndani ya kandambili na kifundo kitateguka. Hapa sitaki ulegezaji wowote.

Kola ni habari nyingine. Hoja ya maana inayotolewa ni jua: raundi ya mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na mchezaji huinamia mpira muda mwingi, kisogo kikiwa wazi. Hoja hiyo naikubali, ila haiishii kwenye kola. Fulana yenye shingo iliyosimama kidogo inafunika sehemu ile ile ya shingo. Tiger Woods alishinda Masters ya mwaka 2019 akiwa na fulana nyekundu ya shingo ya namna hiyo, isiyo na kola ya kukunja, na bado zipo klabu ambazo mtu aliyevaa hivyo angerudishwa getini. Kinachokinga jua zaidi ni kitambaa. Kitambaa chenye kipimo cha kinga ya jua cha UPF 50 hupitisha takriban asilimia 2 tu ya miale ya urujuanimno, wakati fulana nyepesi ya pamba, tena ikilowa jasho, hupitisha mingi zaidi, iwe na kola au isiwe nayo. Klabu inayojali ngozi za wanachama wake ingehimiza mikono mirefu ya kitambaa chepesi na kofia yenye ukingo mpana kuliko kupima kola.

Kuhusu kaptula, mchezo wenyewe umeshatembea. Mwaka 1999 ziara ya PGA ya Marekani, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, iliwaruhusu makedi, wabebaji wa mifuko ya wachezaji, kuvaa kaptula baada ya kedi mmoja kuzidiwa na joto kwenye mashindano ya Western Open. Ilichukua miaka mingi kwa wachezaji kupata nafuu hiyo: ziara ya Ulaya iliwaruhusu mwaka 2016 katika mazoezi na raundi za kucheza na wageni waalikwa, ya Marekani ikafuata mwaka 2019, zote zikibakiza suruali ndefu katika raundi za mashindano. LIV Golf, mfululizo mwingine wa mashindano ya kulipwa, ikaruhusu kaptula hata kwenye mashindano mwaka 2022. Sijaona hoja ya kiufundi inayoweza kumkatalia mwanachama wa kawaida, anayecheza mchana kwa starehe, kile anachoruhusiwa mtu anayelipwa. Sharti la soksi ndefu za kufika magotini kwa mvaa kaptula halina hata haja ya kujadiliwa.

Tofauti ya kaptula na bukta, hata hivyo, naitetea. Kaptula ina mifuko ya kweli na kiuno kinachoshika mkanda. Mchezaji hubeba mpira wa akiba, vijiti vya kuwekea mpira, alama ya kuweka kwenye grini, kiuma cha kurekebisha nyasi na kadi ya matokeo. Bukta laini ya mpira wa miguu, ikiwekewa mzigo huo, inavutwa chini, na mchezaji anakaa akiipandisha kila hatua. Huo ni ushauri wa kumsaidia mtu, uandikwe kama ushauri, bila adhabu. Ndivyo na jinzi: ni nzito, ikilowa haikauki upesi, na mshono wake mgumu wa mapajani hubana nyonga inapozunguka. Atakayeivaa atajua mwenyewe kufikia shimo la tano. Nyasi hazidhuriki.

Kuchomekea nguo nako kumepitwa. Fulana nyingi za gofu za siku hizi zimeshonwa na pindo lililonyooka kwa makusudi ya kuachwa nje. Na sweta lenye kofia lililozua ubishi mkubwa mwaka 2020, mchezaji wa England Tyrrell Hatton alipolivaa na kushinda mashindano ya BMW PGA Championship pale Wentworth, England, linamkinga mtu na upepo kama sweta lolote.

Najua jibu la wazee wa klabu: hii ni mila. Ninawaheshimu, na ndiyo maana nawaomba waseme wanatetea mila ya mwaka gani. Wachezaji wa mwanzo wa Uingereza walivaa makoti mekundu kwa sababu walicheza kwenye ardhi ya wazi ya umma, na rangi ile iliwaonya wapita njia. Uwanja ulipozungushiwa uzio, haja ya koti ikaisha. Harry Vardon alishinda The Open, ubingwa mkongwe wa gofu wa Uingereza, mara sita kati ya mwaka 1896 na 1914 akipiga mpira akiwa amevaa koti na tai. Wanawake walicheza na sketi za kufagia ardhi, wakizibana kwa ukanda wa mpira ili upepo usizipeperushe na kuwaziba wasiuone mpira wakati wa kupiga. Mwaka 1933 Gloria Minoprio alipotokea kwenye ubingwa wa wanawake wa England pale Westward Ho! akiwa amevaa suruali, viongozi walikunja nyuso na kutoa tamko la kusikitishwa. Leo nani anaona suruali ya mwanamke uwanjani kuwa jambo? Mila hii imekuwa ikibadilika tangu mwanzo, tena mara nyingi kwa sababu za maana.

Suala la wanawake linahitaji uangalifu wake. Masharti mengi yaliandikwa kwa ajili ya fulana ya mwanamume, kisha mwanamke akaongezwa mwishoni kwa mstari mmoja usioeleweka, na msimamizi akaachiwa aamue kwa jicho lake. Hapo ndipo fedheha huzaliwa. Mwaka 2017 LPGA, chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa cha Marekani, iliimarisha kanuni zake na kutaja mambo kwa uwazi: taiti isivaliwe peke yake bila sketi au kaptula juu yake, na sketi iwe na urefu wa kumsitiri mtu hata akiinama. Unaweza kupingana na baadhi ya vipengele, na wengi walipingana navyo, lakini kipimo cha kuinama angalau kinatokana na mchezo, kwa kuwa mchezaji huinama kila shimo kuweka na kuchukua mpira. Klabu ikiandika, iandike sharti moja kwa jinsia zote kila inapowezekana. Na pale inaposema watu wavue kofia ndani ya jengo, iseme wazi kwamba hijabu, kilemba na vifuniko vya tiba havihusiki.

Kwa mashindano ya klabu kuna jambo ambalo kamati nyingi hulikosea. Kanuni za gofu zenyewe hazimtaki mchezaji avae kola. Kanuni ya 1.2b huipa kamati uwezo wa kutunga mwongozo wa mwenendo na kuuwekea adhabu, kama pigo moja au adhabu ya jumla, ambayo katika uchezaji wa kuhesabu mapigo ni mapigo mawili. Pasipo mwongozo ulioandikwa, adhabu pekee kwa utovu wa mwenendo ni kuondolewa mashindanoni, tena kwa kosa kubwa tu, na fulana isiyo na kola haiwezi kuitwa kosa kubwa. Kamati inayomwongezea mtu pigo kwa mavazi bila kutangaza mwongozo huo kabla inavunja kanuni inazodai kuzilinda.

Namna ya kufanya mabadiliko si ngumu. Kamati iandike ukurasa mmoja, useme kinachoruhusiwa kabla ya kinachokatazwa, na uepuke maneno kama "nadhifu" au "ya heshima" yasiyo na maelezo, kwa sababu kila mtu ana nadhifu yake. Kinachobaki kukatazwa ni viatu nilivyovitaja, kifua wazi, na nguo zenye maandishi ya matusi. Ukurasa huo utumwe pamoja na uthibitisho wa kila nafasi inayowekwa, maana mgeni anayeusoma kwa mara ya kwanza akiwa getini ameshachelewa. Sehemu ya mazoezi ya kupiga iwe na sharti la viatu tu. Ukumbi wa chakula ubaki na koti na tai kwa usiku maalumu uliotangazwa, na hapo wenye kupenda rasmi wasinyimwe haki yao. Dukani ziwekwe fulana chache za akiba za saizi mbalimbali za kuazima. Tena mtu mmoja tu mwenye dhamana ndiye azungumze na aliyekosea, kando, akiwa na fulana ya kumpa. Mwanachama asimkemee mgeni mbele ya watu.

Nguvu iliyokuwa ikitumika kupima soksi ihamie kwenye mambo yanayouumiza uwanja kweli. Shimo dogo linaloachwa na mpira unapotua kwenye grini, likirekebishwa mara moja, hupona upesi. Likiachwa, hubaki na kovu kwa wiki kadhaa. Na wengi hulirekebisha vibaya: huchomeka kiuma katikati na kuinua udongo kutoka chini, kitendo kinachokata mizizi na kuacha doa la kahawia. Inavyotakiwa ni kuchomeka kiuma pembeni mwa alama, kusukuma nyasi kuelekea katikati kutoka kila upande, kisha kugandamiza taratibu kwa fimbo ya kusukumia. Mgeni akifundishwa hili kwa dakika mbili kabla ya kuanza, klabu itakuwa imepata adabu inayofaa kuliko ile ya tai.

Mabadiliko yajaribiwe kwa msimu mmoja. Mtunza uwanja ahesabu kila wiki, kwenye grini tatu zile zile, alama za viatu na mashimo ya mipira yasiyorekebishwa, akianza majuma machache kabla ya jaribio ili pawe na cha kulinganisha. Ofisi nayo iandike wageni waliorudishwa na sababu zake. Takwimu hizo zipelekwe kwenye mkutano mkuu, na sharti lolote litakalorejeshwa liandikwe pamoja na kile linacholinda.

Wako,
Msomaji mpenda gofu