Kwa Mdogo Wangu Anayetaka Kumrudisha Mbwa Wake

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi, kwa sababu niliona wazi kwamba umeuandika ukiwa umechoka na sikutaka kukujibu kwa pupa. Unasema kwamba mbwa wako wa miezi mitano ametafuna kiatu cha tatu, ameburura shuka uliyoianika hadi kwenye matope, na kwamba kinachokuudhi kuliko vyote ni kuwa anajua kabisa alilolitenda, kwani ukifika tu mlangoni hujikunyata, hulaza masikio na kukwepa macho yako. Kabla hujamrudisha kwa waliokupa, nakuomba tuuzungumzie huo uso wa mkosaji, maana hapo ndipo nami nilipomdhulumu mbwa wangu Bosi kwa muda mrefu.

Bosi alipokuwa na umri wa huyo wako, jioni moja nilikuta mto wa kochi umechanwa na pamba imetapakaa sebule nzima. Nilimkaripia, naye akalala chini akitikisa ncha ya mkia polepole, nikaamini kwamba ameungama. Siku chache baadaye alinipokea na uso uleule, nikazunguka kila chumba nikitafuta alichoharibu, nisione kitu. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba niliingia nikizungumza kwa hasira kwenye simu.

Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa nchini Marekani, alichapisha jaribio alilolifanya kwa mbwa 14 wa nyumbani. Mbwa alikatazwa kula kitafunwa, mwenye mbwa akatoka chumbani, na aliporudi, wakati mwingine aliambiwa kwamba mbwa amekaidi ilhali hakukaidi. Ule uso ulijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, mbwa awe amekula au hakula, na walioonewa ndio waliouonyesha kwa nguvu zaidi. Niliposoma hayo niliumia, kwa sababu nilielewa kwamba kile nilichokiita toba kilikuwa ni hofu tu ya sauti yangu.

Sasa tuje kwenye viatu. Mbwa huota meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na hadi kufikia miezi saba hivi huwa yamekwisha kuachia nafasi meno 42 ya ukubwani. Wako yuko katikati kabisa ya safari hiyo, fizi zinamsumbua, na kiatu chako ni laini kisha kina harufu yako, mtu anayemkosa kutwa nzima. Loweka kitambaa kigumu, ukisokote, ukigandishe kwenye friji, umpe atafune ukiwa unamtazama. Usimpe kiatu kikuukuu ukitaraji kwamba atakiheshimu kipya, hawezi kuvitofautisha. Ukimkuta na kitu kisicho chake, mbadilishie kwa kitu anachokipenda badala ya kumfukuza, maana kumfukuza kwake ni mchezo.

Kwa kweli viatu havinitii wasiwasi. Naogopa chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari), kwa sababu hivyo vinaweza kumuua mbwa. Mbwa mwenye mazoea ya kupekua mikoba anaweza kuvipata dakika unapogeuza kichwa. Viweke juu leo hii.

Jambo lililombadilisha Bosi kuliko mengine yote lilikuwa pua yake. Asubuhi, kabla sijatoka, tunatembea kwa mwendo wake, namwacha anuse kila nguzo na kila kichaka hadi aridhike, kisha naficha punje za chakula chake chini ya vitambaa ili azitafute mwenyewe. Mbwa aliyefanya kazi hiyo hulala. Ana miaka sita sasa na bado huiba soksi, ila haitafuni tena. Huibeba hadi mlangoni kunipokea, na nikiiona mdomoni mwake moyo wangu hutulia hata kama siku ilikuwa mbaya.

Kiatu cha tatu nitakununulia mimi. Mpe muda mpaka meno yake yakamilike, yaani kama miezi miwili hivi, na ukiona bado humwezi, usimrudishe kokote, mlete kwangu. Nimeshatandika mkeka wa pili kando ya ule wa Bosi.

Wako akupendaye,
Kaka yako